Vipelelezi vya Nuru: Maelezo juu ya Kutambua Metali na Molekuli za Uhai

I. Nuru ya Kwinini

Kiswahili kina maneno mengi ya nuru, na kila moja lina mahali pake. Moto huwaka, nyota hung'aa, magamba ya samaki humeta yapigwapo na jua, kimulimuli humulika kwa nuru aitoayo mwilini mwake. Iko, hata hivyo, namna moja ya nuru ambayo haimo barabara katika neno lolote kati ya hayo. Kitu chenye nuru ya namna hiyo hakiungui, wala hakiurudishi tu mwanga uliokipiga kama kifanyavyo kioo. Huupokea mwanga wa rangi moja, hukaa nao kwa muda mfupi mno, kisha hutoa mwanga wa rangi nyingine. Katika elimu ya kemia nuru hiyo huitwa fluoresensi, nayo imekuwa chombo cha kutambua vitu visivyoonekana kwa macho: ioni za metali zilizoyeyuka majini, na molekuli zilizomo ndani ya seli hai. Makala haya yakusudia kueleza jinsi chombo hicho kinavyoundwa, na kwa nini ugumu wa kukiunda hauko katika kuipata nuru, bali katika kuifanya nuru hiyo iwe na maana moja tu.

Mfano ulio karibu ni kwinini, dawa chungu iliyotumika kwa muda mrefu kutibu malaria. Kwinini iyeyushwapo katika maji yenye asidi kidogo, maji hayo huwa maangavu yasiyo na rangi. Yakiwekwa juani, upande ule ambamo miali huingilia hutoa rangi ya samawati. John Herschel wa Uingereza aliyaeleza maajabu hayo mwaka 1845, na mwaka 1852 George Gabriel Stokes alionyesha sababu yake. Katika mwanga wa jua imo miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu. Kwinini huipokea miali hiyo na kutoa mahali pake miali ya samawati inayoonekana. Stokes ndiye aliyelitunga jina la fluoresensi, akilitoa katika jina la jiwe la floraiti, ambalo nalo lina tabia hiyo hiyo.

Sababu yenyewe ni hii. Nishati ya mwali uingiao huiinua elektroni ya molekuli hadi daraja ya juu. Sehemu ya nishati hiyo hupotea kwa joto, na elektroni irudipo chini, iliyobaki hutoka kwa sura ya mwanga. Kwa kuwa kitokacho ni pungufu ya kilichoingia, wimbi lake huwa refu zaidi: kwinini hupokea miali ya nanomita 350 hivi na kutoa ya nanomita 450 hivi. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo faida kuu ya fluoresensi. Mchunguzi aweza kuweka kichujio kinachozuia kabisa mwanga ulioingia na kupitisha ule utokao tu. Hapo huwa kama mtu atazamaye taa ndogo usiku wa giza, si kama atafutaye taa hiyo hiyo mchana wa jua kali. Ndiyo maana kiasi kidogo sana cha kitu chenye fluoresensi huweza kuonekana.

Mwaka 1869 Stokes aliona jambo la pili, ambalo kwa madhumuni ya makala haya ni kubwa kuliko lile la kwanza. Alipotia asidi ya chumvi, yaani asidi yenye kloridi, katika maji ya kwinini, nuru ya samawati ilififia. Kwinini haikuondoka wala haikuharibika. Kloridi ilikuwa ikiizima. Kwa hiyo nuru ya kitu kimoja ilikuwa imeanza kutoa habari za kitu kingine. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwaka 1987, viliundwa vipimo vya kloridi ya ndani ya seli kutokana na molekuli za ukoo ule ule wa kwinini. Lakini katika tukio lile la Stokes mlikuwamo pia tatizo ambalo limewasumbua wataalamu hadi leo. Nuru inapofifia, je, kloridi imeingia, au kwinini imepungua, au taa iliyokuwa ikimulika imedhoofika? Giza lina sababu nyingi, na kwa kulitazama tu haijulikani ni ipi.

II. Gando, Kiungo na Taa

Kitu kinachotumwa mahali kikatambue jambo moja na kutoa habari zake kwa nuru hapa kitaitwa kipelelezi. Neno "kipimo" ni pana mno, kwa maana mizani na rula pia ni vipimo, wala haviingii ndani ya kinachopimwa. Kipelelezi huingia, huchanganyika na wenyeji, na habari zake hutoka humo humo ndani.

Kila kipelelezi kina sehemu mbili zisizoweza kukosekana. Ya kwanza ni ile inayoshika. Wakemia wa Ulaya waliipa tendo la kuishika ioni ya metali kwa pande mbili au zaidi jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, na Kiswahili hakina haja ya kwenda mbali kulipata neno hilo. Sehemu ya pili ni taa, yaani kipande cha molekuli chenye fluoresensi. Mara nyingi iko na ya tatu, nayo ni kiungo kinacholitenga gando na taa, au kuviunganisha, kwa umbali uliopimwa. Gando bila taa hushika pasipo kusema. Taa bila gando husema pasipo kujua lolote. Kazi ya mbunifu ni kuviunganisha kwa namna ambayo tendo la kushika litaibadili nuru.

Muungano huo mwanzoni ulipatikana bila kubuniwa. Mwaka 1867 Friedrich Goppelsröder alitumia morini, rangi ya manjano itokayo katika miti ya jamii ya mforsadi, kutambua alumini. Morini ikiishika alumini hutoa nuru ya kijani. Ubunifu wa makusudi ulikuja baadaye sana. Mfano ulio wazi ni kipelelezi alichokitangaza A. P. de Silva pamoja na mwenzake mwaka 1986. Taa yake ilikuwa antrasini, na gando lake lilikuwa pete ya atomi za oksijeni pamoja na atomi moja ya naitrojeni. Gando likiwa tupu, elektroni ya ile naitrojeni huruka na kuingia katika taa kila taa ipokeapo mwanga, na nuru huzimika kabla ya kutoka. Ioni ya metali, kama vile potasiamu, ikikaa ndani ya pete huzivuta elektroni za naitrojeni kwake na kuzizuia zisiruke, ndipo taa huwaka. Kipelelezi hicho hukaa gizani hadi kimpate kinayemtafuta.

Swali linalofuata ni jinsi gando linavyoweza kuchagua. Njia ya kwanza ni ukubwa: pete nyembamba haiwezi kuipokea ioni nene, na pete pana huilegeza ioni ndogo. Ya pili ni mapendeleo ya asili. Kalsiamu na magnesiamu hupenda oksijeni. Zinki hupenda naitrojeni. Zebaki huambatana zaidi na salfa, ambayo katika Kiswahili cha zamani iliitwa kiberiti kabla neno hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Njia ya tatu ni idadi na mpangilio wa atomi zinazoshika.

Metali zenyewe nazo hazina tabia moja mbele ya taa. Zinki haizimi nuru, kwa hiyo ni rahisi kuitengenezea kipelelezi kinachowaka. Shaba na zebaki, kinyume chake, huzizima taa nyingi zinazozikaribia. Mbunifu asiyelikumbuka hilo huishia na kipelelezi kinachonyamaza mbele ya aliyetumwa kumtafuta, na kunyamaza huko hakutofautiki na giza jingine lolote.

III. Kalsiamu ndani ya Seli

Hakuna mahali ambapo matatizo haya yalikabiliwa kwa subira kuliko katika kazi ya kuipima kalsiamu ndani ya seli hai. Kalsiamu ndiyo iuamuruo msuli kujikunja na moyo kupiga, na ndiyo ipelekayo habari mahali neva mbili zikutanapo. Nje ya seli kiasi chake huru ni milimoli 1 hadi 2 katika kila lita. Ndani ya seli iliyotulia ni nanomoli 100 hivi tu, yaani pungufu kwa mara 10,000 au zaidi. Humo humo ndani imo magnesiamu huru inayokaribia milimoli nzima. Kwa hiyo kipelelezi cha kalsiamu ni lazima kiitambue ioni moja katikati ya ioni maelfu za ndugu yake anayefanana naye.

Tangu zamani wakemia walikuwa na gando moja zuri liitwalo EGTA, linaloishika kalsiamu kwa nguvu kuliko magnesiamu mara 100,000 hivi. Lakini EGTA katika hali ya mwili huwa imebeba ioni za asidi, na haina budi kuziachilia kabla ya kuishika kalsiamu. Asidi ikibadilika kidogo, mshiko nao hubadilika, na habari huharibika. Roger Tsien, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, alilitengeneza upya gando hilo kwa kuweka pete za benzini mahali pa viungo vyepesi vya kaboni vilivyopakana na naitrojeni. Gando jipya, BAPTA, alilolitangaza mwaka 1980, lilibaki na ule uchaguzi wa EGTA, wala halikubughudhiwa sana na asidi ya kiasi cha mwilini. Tena pete zile za benzini zilikuwa mlango wa kuingizia taa.

Likabaki swali la kukipitisha kipelelezi kwenye utando wa seli. BAPTA ina chaji za umeme, na utando huo wa mafuta hauruhusu chaji kupita. Mwaka 1981 Tsien alionyesha kwamba chaji hizo zaweza kufunikwa kwa vipande vya esta. Kipelelezi kilichofunikwa hupita utandoni bila kizuizi. Kikiisha kuingia, vimeng'enya vya seli yenyewe huvikata vile vifuniko, chaji hufunuka, na kipelelezi hakiwezi tena kutoka. Ni kama mgeni aliyeingia kwa joho la kuazima, akavuliwa ndani, na bawabu asimkubalie kurudi mlangoni bila joho.

Mwaka 1982 kipelelezi kilichoitwa quin2 kilitumika katika chembe za damu kwa njia hiyo. Kilifanya kazi, lakini kilikuwa na kasoro mbili ambazo zafundisha zaidi kuliko mafanikio yake. Kwanza, taa yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo ilibidi kitiwe kwa wingi ili kionekane, na wingi huo ulizidi kwa mbali kalsiamu huru iliyokuwa ikipimwa. Magando yote hayo yalipoishika kalsiamu, mpando wake wa ghafla ulitulizwa na wapelelezi wenyewe, mfano wa karani aliyetumwa kuhesabu magunia ya ghalani akawa anayahamishia kwake. Pili, quin2 ilitoa habari kwa kung'aa zaidi au kidogo tu. Seli nene iling'aa kuliko seli nyembamba, na baada ya kumulikwa kwa muda rangi yake ilichujuka kama kitambaa kilichoanikwa juani. Haikujulikana kwa yakini kama mabadiliko ya nuru yalitoka kwa kalsiamu au kwa mambo hayo mengine.

Jibu lilikuja mwaka 1985, Grynkiewicz, Poenie na Tsien walipotangaza kipelelezi kiitwacho fura-2. Nuru yake ilizidi ya quin2 hadi mara 30, na kwa sababu hiyo kiasi kidogo kilitosha, na seli haikusumbuliwa kwa kadiri ile ya kwanza. Lakini jambo la maana zaidi lilikuwa hili: fura-2 iliyoshika kalsiamu hupokea zaidi miali ya nanomita 340, na isiyoshika hupokea zaidi ile ya nanomita 380, ilhali nuru itokayo katika hali zote mbili huwa karibu na nanomita 510. Mchunguzi humulika kwa 340, kisha kwa 380, na kuigawanya nuru ya kwanza kwa ya pili. Seli ikiwa nene, nuru zote mbili huongezeka pamoja, na mgawanyo haubadiliki. Rangi ikichujuka, zote mbili hupungua pamoja, na mgawanyo haubadiliki. Kalsiamu peke yake ndiyo iwezayo kuipandisha moja na kuishusha nyingine. Hivyo wingi wa nuru, ambao ulikuwa na maana nyingi, ulibadilishwa na uwiano wa nuru mbili, ambao una maana moja.

Hata nguvu za mshiko zilipimwa. Nusu ya magando ya fura-2 hujaa kalsiamu ifikapo nanomoli 224 hivi katika lita, kiasi kilicho karibu na kile cha seli. Lau mshiko ungekuwa na nguvu mara elfu zaidi, magando yote yangejaa tangu mwanzo na kipelelezi kisingekuwa na la kusema. Lau ungekuwa dhaifu mara elfu, yote yangebaki matupu. Kwa hiyo gando bora si lile lishikalo kwa nguvu kupita yote, bali lile ambalo nguvu zake zinalingana na kiasi kinachotafutwa.

Baadaye seli zenyewe zilifundishwa kujitengenezea vipelelezi. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walikuwa wametangaza protini yenye nuru ya kijani waliyoitoa katika yavuyavu wa bahari ya Pasifiki. Mwaka 1997 Miyawaki, Tsien na wenzao waliziunganisha protini mbili za asili hiyo, zenye rangi mbalimbali, kwa gando la protini ishikayo kalsiamu. Gando likijikunja, protini ya kwanza huikabidhi ya pili nishati yake, na rangi itokayo hubadilika. Wakakiita kipelelezi hicho kwa jina la kinyonga, kwa sababu ya kubadili rangi na kwa sababu ya kipande chake kinachoingia na kutoka kama ulimi. Shimomura, Tsien na Martin Chalfie walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008.

IV. Zebaki, au Habari Isiyorudi

Kalsiamu hushikwa na kuachiliwa, na nuru hupanda na kushuka pamoja nayo. Ziko metali ambazo kwa hizo wataalamu wamependelea njia nyingine. Zebaki ni mojawapo. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi nchini Japani mwaka 1956, ulionyesha jinsi zebaki iliyomwagwa baharini inavyowarudia watu kwa njia ya samaki. Kandokando ya Ziwa Victoria wachimbaji wadogo wa dhahabu wametumia zebaki kukusanyia chembe za dhahabu, kisha kuichoma. Shirika la Afya Duniani limeweka kipeo cha mikrogramu 6 za zebaki katika lita ya maji ya kunywa, nacho ni sawa na nanomoli 30 hivi. Kipelelezi kisichoweza kuona kiasi hicho hakina faida kwa maji ya kisima.

Kwa kuwa zebaki huzizima taa, baadhi ya wabunifu waliacha kuishika na badala yake wakaifanyisha kazi. Rodamini ni rangi yenye nuru kali, lakini yaweza kufungwa kwa pete ndogo ya ziada, na ikiisha kufungwa haina rangi wala nuru. Katika kipelelezi kilichotangazwa mwaka 2005 na Yang, Yook na Tae wa Korea ya Kusini, kifungo hicho kilikuwa na salfa ndani yake. Zebaki, kwa tabia yake ya asili, huing'oa salfa. Kifungo hufunguka, na nuru hutokea pale ambapo hapakuwa na kitu. Metali nyingine hazina uchu huo wa salfa kwa kadiri hiyo, kwa hiyo hazikifungui.

Njia hii ina gharama yake. Kifungo kilichofunguliwa hakijifungi tena. Kipelelezi cha namna hiyo husema kwamba zebaki ilipita, lakini hakiwezi kusema kwamba imekwisha kuondoka. Tena zebaki iliyokwisha kuambatana na salfa iliyomo katika matope au katika nyama ya samaki huenda isiwe huru kukifungua kifungo chochote. Kwa sababu hiyo kisemwacho juu ya maji safi ya maabara hakihamishwi tu kwenye maji ya mto.

V. Taa Tano na Taa ya Sita

Vipelelezi vya molekuli za uhai hutumia gando la namna nyingine, nalo ni maandishi. DNA ni uzi wenye herufi nne, A, T, C na G. A huungana na T, na C huungana na G. Uzi mfupi ulioandikwa kwa mpangilio unaolingana na uzi mwingine huutafuta na kuushika. Mwaka 1996 Tyagi na Kramer walitumia kanuni hiyo kuunda kipelelezi chenye umbo la kipini cha nywele. Mwisho mmoja wa uzi una taa, na mwisho wa pili una kizimio. Uzi ukiwa umejikunja, taa na kizimio hukaa bega kwa bega, na nuru haitoki. Kitanzi chake kikikutana na maandishi yanayolingana nacho, uzi hunyooka, taa hutengana na kizimio, na huwaka.

Kipimo cha kifua kikuu kiitwacho Xpert MTB/RIF, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Desemba 2010 na kutumiwa katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki, kilijengwa juu ya vipini hivyo. Katika toleo lake la kwanza vipini vitano vya rangi tano viligawana herufi 81 za jeni ya bakteria iitwayo rpoB, mahali ambapo karibu mabadiliko yote yanayoishinda dawa ya rifampisini hutokea. Herufi moja ikibadilika, kipini kinachohusika nayo hakishiki. Wanaisimu hawatashangazwa na jambo hilo: "pata" na "bata" hutengwa na sauti moja tu, na hiyo yatosha kuigeuza maana yote. Taa zote tano zikiwaka, mgonjwa ana kifua kikuu na dawa itafaa. Moja ikikosa kuwaka, au ikichelewa sana ilhali nyingine zimewaka, yashukiwa kwamba bakteria ni sugu kwa dawa hiyo, na jibu hilo hupatikana kwa saa mbili hivi.

Hapa ndipo giza la Stokes lilipopatiwa dawa. Taa moja iliyozimika katikati ya nne zinazowaka ina maana, kwa sababu zile nne zashuhudia kwamba bakteria wamo na kazi imefanyika. Lakini taa zote tano zikizimika, je, mgonjwa hana kifua kikuu, au mtambo umeshindwa kazi? Kwa ajili ya swali hilo iliwekwa taa ya sita, isiyohusiana na kifua kikuu hata kidogo. Humulika spora za bakteria mwingine asiye na madhara, zilizotiwa ndani ya kikasha tangu kiwandani. Tano zikizimika na ya sita ikiwaka, jibu ni kwamba bakteria wa kifua kikuu hawakuonekana. Zote sita zikizimika, mtambo hauandiki kwamba mgonjwa hana ugonjwa. Huandika kwamba jibu si halali, na kipimo kirudiwe.

Kwa mfasiri wa taarifa za maabara na kwa mtunga istilahi, tofauti hiyo yafaa iwe na maneno yake. Neno "hapana" peke yake halitoshi kuyabeba majibu hayo mawili, na mgonjwa aliyeambiwa "hapana" kwa maana ya "haikujulikana" aweza kurudi nyumbani akiwa na kifua kikuu. Maneno "haikuonekana" na "jibu si halali" yamekwisha kuwamo katika Kiswahili. Linalotakiwa ni kwamba yasitumike moja mahali pa jingine.